Ansible inaonesha klasta yote iko sawa, lakini nodi nne bado zinapokea nenosiri kwa SSH

mlinzi_wa_nodi aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Ninasimamia klasta ya Kubernetes (kundi la seva zinazoendesha programu kwa pamoja) yenye nodi, yaani seva, 12, tatu za udhibiti na tisa za kazi, zote zikitumia Ubuntu 22.04. Kiwango chetu cha usanidi tumekiandika katika Ansible, zana ya kusanidi seva nyingi kwa pamoja, kwa kufuata mwongozo wa usalama wa CIS (Center for Internet Security), na kila usiku tunaendesha ukaguzi kwa `--check --diff` (huonesha kinachohitaji kubadilishwa bila kukibadilisha) ambao hupitia nodi zote na kutuma ripoti. Ripoti hiyo imekuwa ikionesha `changed=0`, yaani hakuna cha kubadilisha, kila mahali, nasi tukaichukulia kuwa ni uthibitisho kwamba klasta inakidhi kiwango.

Hivi karibuni mkaguzi wa ndani alijaribu kuingia kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva kutoka mbali) bila kutumia ufunguo, na nodi nne za kazi zikamwomba nenosiri, ilhali faili la `/etc/ssh/sshd_config` katika nodi hizo hizo lina mstari `PasswordAuthentication no`. Nodi hizo ziliongezwa baadaye, kutokana na nakala ya mfumo ya mtoa huduma wetu wa wingu. Aidha, ripoti yake ya OpenSCAP, programu ya kukagua usalama, inadai kuwa nodi zote 12 zimekiuka kanuni ya `net.ipv4.ip_forward` (kusambaza pakiti za mtandao), kwa kuwa thamani yake ni 1 na kanuni inataka 0.

Naomba kueleweshwa kwa nini ukaguzi wetu haukuliona tatizo la kwanza, na ni utaratibu gani ulio salama wa kurekebisha yote mawili bila kuzizima huduma zinazotegemea klasta hii.

fundi_wa_usiku alijibu:

Ndugu, sina shaka kwamba mstari huo upo. Ninachotilia shaka ni kama ndio unaotawala. Tazama mwanzoni mwa `sshd_config` ya Ubuntu 22.04, utakuta `Include /etc/ssh/sshd_config.d/*.conf`. Kwa kila kigezo, sshd (programu inayopokea SSH kwenye nodi) hushika thamani ya kwanza inayokutana nayo na kuzipuuza zinazofuata, na kwa kuwa `Include` iko juu, faili za saraka hiyo husomwa kabla ya mstari wenu. Nodi zilizotokana na nakala za wingu mara nyingi huwa na faili `50-cloud-init.conf` lililoandikwa na cloud-init, programu ya kuandaa nodi mpya ya wingu, wakati nodi inazaliwa, na ndani yake huenda ukakuta `PasswordAuthentication yes`. Bila shaka kazi yenu ya Ansible inatumia `lineinfile`, inayohakikisha tu kuwa mstari upo, kwenye faili kuu, nayo imekujibu kwa ukweli mtupu kwamba mstari upo. Haikuulizwa zaidi ya hapo.

Swali linalofaa anaulizwa sshd mwenyewe:

```
- name: Uliza thamani zinazotokana na faili zote
  ansible.builtin.command: /usr/sbin/sshd -T
  register: hali
  changed_when: false
  check_mode: false

- name: Kataa nodi inayopokea nenosiri
  ansible.builtin.assert:
    that: "'passwordauthentication no' in hali.stdout_lines"
```

Usiuache mstari wa `check_mode: false`. Moduli ya `command` hurukwa wakati wa `--check`, kwa hiyo bila mstari huo ukaguzi wenu wa usiku hautaiendesha amri hiyo kamwe. Kama mna sehemu za `Match` (masharti kwa watumiaji au anwani fulani), ongezeni `-C` pamoja na jina la mtumiaji na anwani, kwa sababu jibu hubadilika kulingana na anayeingia.

Katika kurekebisha, nisingelihariri faili la cloud-init. Wekeni faili lenu, kwa mfano `10-kiwango.conf`, ambalo kwa mpangilio wa majina litasomwa kabla ya lile la 50, kisha mweke `ssh_pwauth: false` katika data ya kuanzishia nodi ili nodi zijazo zisizaliwe na kasoro hiyo hiyo. Hakikisheni pia kuwa `KbdInteractiveAuthentication` ni `no`, la sivyo PAM (mfumo wa Linux wa kuthibitisha watumiaji) inaweza kuomba nenosiri kupitia mlango huo hata baada ya ule wa kwanza kufungwa.

skripti_moja alijibu:

Kwa maoni yangu mnajichosha bure. OpenSCAP ina chaguo la `--remediate` linalorekebisha kila kanuni iliyoshindwa wakati huo huo wa ukaguzi. Iendesheni kwenye nodi zote 12 usiku mmoja, na asubuhi mkaguzi atapata ripoti safi.

bibi_wa_klasta alijibu:

Ushauri huo ungefaa kwa seva iliyosimama peke yake. Katika klasta hii, jambo mojawapo ambalo `--remediate` ingefanya ni kuigeuza `ip_forward` kuwa 0, na katika mitandao mingi ya podi (vikundi vya kontena zinazoendesha programu), nodi isiyosambaza pakiti haiwezi kuzifikisha podi zake kwa nodi nyingine. Programu ya kubeadm yenyewe hukataa kuiunganisha nodi ambayo thamani hiyo si 1. Kwa hiyo, ndugu muulizaji, kanuni hii msiirekebishe. Iandikieni faili la marekebisho ya wasifu na kulitumia kwa `--tailoring-file`, mkieleza kuwa nodi za Kubernetes zinahitaji 1. Mkaguzi mzuri huukubali msamaha ulioandikwa na wenye sababu, na ndivyo inavyopasa, maana ripoti yenye kosa lile lile kila mwezi huwazoesha watu kutoisoma.

Kama mnataka msaada wa OpenSCAP kwa kanuni nyingine, tumieni `oscap xccdf generate fix --fix-type ansible`, ambayo hutoa kazi za Ansible mnazoweza kuzisoma na kuzichuja kabla ya kugusa nodi yoyote.

Kuhusu utaratibu, anzeni na nodi moja ya kazi, kisha nyingine kwa `serial: 1` (nodi moja kwa kila awamu). Nodi moja ikishindwa, kundi zima la awamu hiyo limeshindwa, na Ansible husimama hapo bila kuendelea na inayofuata. Nodi za udhibiti ziwe za mwisho: etcd, hifadhidata ya klasta, yenye wanachama watatu huhitaji wawili walio hai, hivyo msiguse ya pili kabla ya kuthibitisha kuwa ya kwanza imerudi na iko salama. Mabadiliko ya sshd na ya sysctl (vigezo vya kerneli vinavyobadilishwa mfumo ukiwa unaendelea) hayahitaji kuzihamisha podi. `kubectl drain`, inayozihamisha podi, iwekeni akiba kwa yale yanayolazimu kuwasha nodi upya, kama vile vigezo vya kerneli vya wakati wa kuwaka.

mlinzi_wa_nodi aliandika:

Nawashukuru sana. Faili la cloud-init lilikuwamo katika nodi zote nne, na sasa `sshd -T` inatoa `passwordauthentication no` kila mahali. Limebaki fumbo moja: nodi moja kati ya hizo bado inaomba nenosiri, ingawa faili lake ni sahihi na Ansible haioni cha kubadilisha.

fundi_wa_usiku alijibu:

`sshd -T` husoma faili zilizo kwenye diski. Haimuulizi sshd aliyekwisha kuanza, ambaye anaendelea na usanidi aliousoma alipoanza hadi aambiwe asome upya. Angalia kumbukumbu za Ansible za siku ulipolisambaza faili jipya. Ninahisi kazi fulani iliyofuata ilishindwa katika nodi hiyo, labda apt (kisakinishi cha programu) ilikuta kufuli, na hendla (kazi inayoitwa tu kitu kikibadilika) hungoja hadi mwisho wa kazi zote, kwa hiyo ile ya kupakia upya haikufikiwa. Safari iliyofuata faili lilikuwa tayari limebadilika, hendla haikuitwa, na hali hiyo ingedumu hadi sshd aanzishwe upya.

Kwa sasa, fungua kipindi kimoja cha SSH ukiache wazi, hakiki faili kwa `sshd -t`, kisha endesha `systemctl reload ssh`, ambayo haikati vipindi vilivyopo. Katika Ansible, weka `meta: flush_handlers` (huendesha hendla papo hapo) mara baada ya kazi za sshd, na `force_handlers: true` (huziendesha hata kazi ikishindwa) juu yake ikiwezekana, ingawa hii ya pili haisaidii nodi ikikatika mtandaoni katikati ya kazi.

Kisha ukaguzi wa usiku uongezewe jaribio la kutoka nje, kwa mashine nyingine, kwa kila nodi:

`ssh -v -o PreferredAuthentications=none nodi`

Katika matokeo tafuta `Authentications that can continue`. Ikifuatiwa na `publickey` pekee, sshd anayehudumu sasa hivi amekidhi kiwango. Likionekana neno `password` au `keyboard-interactive`, nodi hiyo ihesabiwe imeshindwa hata kama faili zake zote zinasema vinginevyo.