Naomba ushauri: nani humkagua mhudumu wa mgonjwa nyumbani?

Assalam aleikum ndugu zangu. Mama yetu, tuko naye Kisauni, Mombasa, amepooza upande mmoja kwa kiharusi. Kampuni moja imetuletea dada wa kumhudumia mchana. Adabu anayo, na kumlisha anamlisha taratibu. Ila juzi nikimwogesha mama mwenyewe nimeona wekundu juu ya makalio, ngozi imeanza kuchubuka. Daftari la kumgeuza mama kila baada ya saa mbili, asipate vidonda vya kulala, limejazwa lote, kalamu moja, hata saa ambazo mama alikuwa kliniki!

Kampuni nimewapigia, wakaahidi msimamizi atakuja kukagua, hajatokea. Walituambia dada ni muuguzi, lakini jina lake nimelitafuta kwenye tovuti ya Baraza la Wauguzi la Kenya, silioni. Labda kasajiliwa kwa jina jingine, simsingizii. Kumwachisha ni rahisi, lakini mama ameshamzoea.

Malalamiko nipeleke wapi kwanza, kwa Baraza au idara ya afya ya kaunti? Na mliowahi kuajiri, mliandika nini kwenye mkataba hadi msimamizi akawa anakuja kweli?