Ukurasa wa kusimamia moduli: msimamizi aonyeshwe nini kabla ya kuzima?

Swali, kutoka kwa msanifu wa kurasa

Wataalamu, habari za kazi. Ninasanifu ukurasa ambao msimamizi atautumia kusimamia moduli, yaani sehemu zinazoweza kuwashwa au kuzimwa moja moja, za mfumo wa kutunza taarifa za wagonjwa. Mfumo huu unatumika katika vituo kadhaa vya afya, nao umegawanywa katika moduli za mapokezi, maabara, dawa, malipo na ripoti, pamoja na nyingine ndogo ambazo mtumiaji wa kawaida hazioni ingawa ndizo zinazozibeba hizo kubwa. Rasimu niliyo nayo ni jedwali lenye jina la moduli, toleo lake, na swichi ya kuwasha au kuzima. Mwenzangu anapendekeza tuache jedwali, kila moduli iwe na kadi yake yenye picha na maelezo mafupi, kama ilivyo katika duka la programu za simu.

Yanayonisumbua ni mawili. Moduli ya dawa ikizimwa, moduli ya malipo haiwezi kukokotoa gharama za mgonjwa, na ripoti za mwezi zinatoka na mapengo. Je, ukurasa umzuie msimamizi, umwonye tu, au uzime zote kwa pamoja? Pili, baadhi ya moduli huchukua muda kuwaka kwa sababu hifadhidata husasishwa kwanza, na muda wote huo swichi inaonyesha kwamba moduli imeshawaka. Naomba mawazo ya waliokwisha kuifanya kazi hii.

Jibu la kwanza, kutoka kwa mtunza mifumo

Ndugu msanifu, suala la kadi au jedwali lisikuchukulie muda mwingi. Kadi zinamfaa mtu anayetafuta kitu kipya cha kusakinisha. Msimamizi anayetaka kujua kwa nini mfumo umekwama tangu asubuhi anahitaji kulinganisha matoleo na hali za moduli zote kwa mtazamo mmoja, na hilo jedwali ndilo linaloliweza.

Suala la utegemezi ndilo zito, na ninafurahi umeliuliza mapema. Tazama Drupal, mfumo wa kujengea tovuti, inavyofanya katika ukurasa wake wa kuondoa moduli: pale ambapo moduli haiwezi kuondolewa, kisanduku chake hakichaguliki, na chini ya jina huandikwa sababu, kwamba inahitajika na moduli fulani, au kwamba bado kuna maudhui yaliyohifadhiwa kwa aina inayotolewa na moduli hiyo. Msimamizi anaisoma sababu palepale kabla hajabonyeza chochote, wala hasubiri dirisha la kosa limtokee baadaye. WordPress nayo, mfumo mwingine wa tovuti, tangu toleo la 6.5 la mwaka 2024 inamruhusu mtengenezaji wa programu-jalizi (programu ndogo ya kuongezea uwezo) kutaja nyingine ambazo yake inazitegemea, na inayotegemewa haizimiki mradi zinazoitegemea bado zinafanya kazi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba ukurasa umzuie msimamizi, lakini uzuiaji wenyewe uwe na maelezo. Usiandike "Haiwezekani kuzima" ukaishia hapo. Andika: "Moduli ya dawa inatumiwa na malipo na ripoti. Zima hizo kwanza," kisha majina hayo mawili yawe viungo vinavyompeleka moja kwa moja kwenye mistari ya moduli hizo katika jedwali. Kuzima zote kwa pamoja kwa kubonyeza mara moja sikushauri katika mfumo wa hospitali, kwani aliyekusudia kuzima moduli moja anaweza kufunga dirisha la malipo wakati wagonjwa wamepanga foleni.

Jibu la pili, kutoka kwa mhandisi wa seva

Nakubaliana na aliyetangulia, nami nijibu lile la swichi. Swichi ina hali mbili tu, ilhali moduli ina nyingi zaidi. Wanaotumia OSGi, utaratibu wa kugawa programu za lugha ya Java katika vifurushi, wanalijua hili vizuri: kifurushi kinaweza kuwa kimesakinishwa bila mahitaji yake kutimia, kinaweza kuwa tayari lakini hakijaanzishwa, kinaweza kuwa katikati ya kuanza, kinafanya kazi, au kiko katikati ya kusimama. Ukizibana hali zote hizo ndani ya swichi moja, ukurasa utamwambia msimamizi jambo lisilo kweli, naye ataubonyeza tena na tena akidhani haujamsikia.

Tenganisha hali na tendo. Safu wima moja ya jedwali ieleze hali kwa maneno: "Inafanya kazi", "Inaanza", "Imesimama", "Imeshindwa kuanza". Safu nyingine iwe na kitufe cha tendo linalowezekana kwa wakati huo pekee, yaani moduli inayoanza isiwe na kitufe cha kuianzisha. Rangi itumike kusaidia maneno, isichukue nafasi yake, kwa kuwa wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Na moduli ikishindwa kuanza, ujumbe wa kosa uonekane hapohapo katika mstari wake, pamoja na kiungo cha kumbukumbu kamili za seva.

Jenkins, programu ya kuendesha kazi za watengenezaji programu kiotomatiki, ina utaratibu mwingine wa kuiga: unaweza kuagiza iwashwe upya pale tu usakinishaji utakapokamilika na kukawa hakuna kazi inayoendelea. Kwa vituo vya afya hilo lina maana kubwa, kwa sababu hakuna anayetaka mfumo uzimike wakati mtu wa maabara yuko katikati ya kuingiza majibu ya vipimo.

Msanifu wa kurasa

Nawashukuru sana, nimeshaanza kuichora upya safu ya hali. Nina moja lililobaki: je, "Zima" na "Ondoa" vikae pamoja katika safu moja?

Jibu la tatu, kutoka kwa mtunza mifumo

Visikae pamoja. Kuzima kunarudishika, ilhali kuondoa kunaweza kuondoka na data. Inafaa kukumbuka kwamba Drupal, kuanzia toleo la 8 la mwaka 2015, iliifuta kabisa hali ya kuzimwa, kwa sababu moduli iliyozimwa huacha data ambayo msimbo wake haufanyi kazi tena ya kuitunza. Tangu hapo moduli ama imesakinishwa ama imeondolewa. Si lazima mfuate njia hiyo, lakini amueni mapema nini kinatokea kwa majedwali ya hifadhidata moduli inapozimwa, na ukurasa wa uthibitisho uliseme hilo kwa maneno ya kazi yenyewe: "Rekodi za utoaji dawa zitabaki, lakini hazitaonekana hadi moduli iwashwe tena."

Tendo la kuondoa lihamishie ndani ya ukurasa wa maelezo ya moduli, na lidai ruhusa ya juu zaidi. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ambao mizizi yake iko Eldoret, Kenya, ina mpangilio katika faili la seva unaoamua kama moduli zinaweza kusimamiwa kupitia kivinjari au la. Nanyi wekeni kinga ya namna hiyo, kwa sababu anayeweza kupakia moduli anaweza kuendesha msimbo wowote ndani ya seva yenye taarifa za wagonjwa. Kila tendo lirekodiwe: nani, lini, toleo gani lilikuwepo na lipi limewekwa. Rekodi hiyo ionekane kwenye ukurasa huohuo wa moduli, ili anayeingia zamu baadaye aone kilichobadilishwa bila kumpigia simu mwenzake usiku.