Tupeane uzoefu: tope la oili kwenye injini za malori ya zamani

Mwanzisha mada
Wakuu, habari za kazi. Nina Fuso ya injini ya 6D16, nabeba mchele Mbeya hadi Dar. Tangu nilipoinunua presha ya oili ilikuwa nzuri asubuhi, ila wakati wa kurudi, nikishapanda mlima wa Kitonga na oili imepata moto, nikisimama tu taa ya oili inawaka. Fundi akafungua kava ya tapeti, mfuniko wa juu wa injini: tope jeusi, unalichota kwa kijiko.

Gereji ya kwanza walitaka kumwaga dizeli ndani na kuwasha injini. Nilikataa. Tulishusha sampo (bakuli la oili chini ya injini) kwenye gereji nyingine, tukakuta chujio la pampu ya oili limeziba zaidi ya nusu. Tukakwangua kwa mkono, chujio na sampo vikaoshwa vikiwa nje, gasketi mpya, filta mpya, oili ya dizeli 15W-40. Oili hiyo tuliimwaga mapema, na iliyofuata vilevile, kwa sababu dawa ya kusafishia iliyomo kwenye oili hubandua uchafu taratibu na filta inajaa haraka. Taa haijawaka tena. Nani aligundua chanzo cha tope kwenye gari lake?

Fundi wa Tabata
Ulifanya vyema kukataa, mkuu. Niliwahi kuletewa lori lililooshwa kwa dizeli kwingine. Dizeli ni nyepesi, haishikilii beringi, halafu vipande vya tope vilibanduka vyote kwa pamoja vikaenda kuziba chujio. Beringi za konrodi ziliisha, krenki ikapelekwa kusagwa, na turbo nayo ikafa kwa kukosa oili. Mwenye gari alikuwa amekwepa gharama ya gasketi ya sampo.

Dereva, njia ya Zambia
Kwetu chanzo kilikuwa foleni ya mpakani Tunduma. Injini inaunguruma gari limesimama, usiku kucha wakati mwingine, na bosi anahesabu kilomita tu. Kilomita hazisogei, oili inachakaa. Nilimwomba tuanze kuandika saa za injini kwenye daftari, akakubali, na sasa oili inamwagwa kwa kufuata hizo saa, si kilomita.

Mama Malori, Moshi
Jamani, angalieni thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto! Langu lilisafishwa vizuri kabisa na tope likarudi. Kumbe lilikuwa limeng'olewa thamostati zamani, eti lisichemshe. Injini ikawa inatembea baridi, mvuke wa maji hautoki, na dizeli isiyoungua inateremka kwenye oili. Tulirudisha thamostati, tukazibua rejeta iliyokuwa chanzo cha kuchemsha, na bomba la kupumulia injini ambalo nalo lilikuwa limeziba.

Kijana wa Kahama
Samahani wakubwa, nimebadilisha oili juzi na leo ni nyeusi tii. Ni tope hilo?

Fundi wa Tabata
Hapana mdogo wangu. Oili ya dizeli kuwa nyeusi mapema ni kawaida, ni masizi yanabebwa, ndiyo kazi yake. Fungua mfuniko wa kujazia uangalie kwa tochi. Ukiona utando mzito, hapo ndiyo tope. Ila ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiwashe gari: maji yameingia. Kagua kipoza oili na gasketi ya silinda hedi kwanza.

Mwanzisha mada
Mama Malori, asante sana. Mshale wangu wa joto haufiki katikati hata nikipanda mlima. Kesho nafungua nyumba ya thamostati, nitaleta majibu na picha.