Qatar waligombana na Emirates, mbona bomba la gesi halikufungwa?

Kijana wa Somanga:

Wakuu, habari za jioni. Naomba kueleweshwa kabla sijarudi kijiweni kesho.

Mimi ni mtu wa Somanga, Kilwa. Bomba la gesi ya Songo Songo linatokea baharini hapa kwetu na kwenda zake Dar tangu 2004, kwa hiyo ubishi wa gesi huku hauishi. Jana mzee mmoja kasema mradi wa LNG wa Lindi, yaani gesi inayogeuzwa kimiminika na kusafirishwa kwa meli, ukikamilika hakuna jirani atakayetuchezea, tutamfungia koki kama Urusi. Mwenzake akamjibu: mbona Qatar ilipozingirwa 2017, Emirates, yaani Falme za Kiarabu, wakiwa miongoni mwa wazingiraji, gesi ya Qatar iliendelea kwenda Emirates kila siku?

Nikasema huo uongo. Mtu kakufungia mpaka, anga na bandari, halafu unampelekea gesi ya kuwashia taa? Nimechekwa mpaka kahawa ikanipalia.

Ni kweli? Na kama ni kweli, ni uoga au ni akili?

Chumvi Kali:

Ni kweli, na ni uoga. Mwanaume ni Putin. Poland na Bulgaria walipogoma kulipa kwa sarafu ya Kirusi, tarehe 27 Aprili 2022 wakakatiwa. Hakuna mazungumzo.

Fundi Baridi:

Bwana Chumvi, taratibu. Kijana, umeuliza jambo lililonikuta mwenyewe, na leo Ijumaa sina kazi, basi vumilia urefu.

Mimi Mpemba, fundi AC. Mwaka 2017 nilikuwa Al Khor, kaskazini ya Doha, jirani na Ras Laffan kunakosindikwa gesi. Kazi yangu ilikuwa nyumba za wafanyakazi wa huko. Tarehe 5 Juni, Ramadhani kumi, tumekula daku salama. Kunakucha tunasikia Saudia, Emirates, Bahrain na Misri wamekata uhusiano. Qatar ina mpaka mmoja tu wa nchi kavu, nao ni wa Saudia. Umefungwa. Alasiri nikenda dukani kutafuta laban ya kufuturia, rafu tupu, watu wanasukumana na vitoroli vimejaa kuku wa barafu mpaka juu. Baada ya siku chache yakaja maziwa ya Uturuki kwa ndege. Maandishi hatuyajui, tukiangalia picha ya ng'ombe.

Dada yangu kaolewa Al Ain, upande wa Emirates. Huko siku ya tatu ikatangazwa kwamba atakayeonyesha kuihurumia Qatar, hata mtandaoni, kifungo chake ni miaka 3 mpaka 15. Basi tukipigiana simu ni watoto na mapishi tu. Akitaka kujua kama nina chakula huniuliza, "Kuku wako wanataga?" Nami sijafuga kuku tangu nizaliwe.

Sasa sikiliza. Dada ananiuliza habari za kuku huku AC yake inanguruma, na gesi inayoendesha mitambo ya umeme wa nchi ile, zaidi ya robo yake inatoka kwetu Ras Laffan. Bomba linaitwa Dolphin. Kilomita 364 chini ya bahari mpaka Taweelah, Abu Dhabi, linapeleka kiasi cha futi za ujazo bilioni 2 kwa siku tangu 2007, na kidogo yake huendelea mpaka Oman. Usisahau maji: kule maji ya kunywa ni ya bahari yanayotolewa chumvi, na mitambo yake hula gesi hiyo hiyo. Ukifunga koki mwezi wa Juni, mtu hana taa, hana baridi, hana maji, na amefunga.

Haikufungwa. Mkuu wa shirika la mafuta la Qatar, Saad al-Kaabi, alisema mkataba ungewaruhusu kwa sababu ya dharura, ila wakifunga watawaumiza wananchi wa Emirates, nao ni ndugu.

Udugu upo, lakini tusidanganyane. Katika nyumba nilizokuwa nikitengeneza AC walikuwamo Wajapani na Wakorea. Nchi zao ni wateja wa miaka mingi. Mteja wa LNG hujenga bandari na matangi kwa mabilioni, husaini mkataba wa miaka 20, halafu hukaa anamwangalia muuzaji: huyu akikasirika hufanya nini? Qatar ingewafungia Emirates, Tokyo wangekuwa wa kwanza kukosa usingizi. Tena bomba lile si la Qatar na Abu Dhabi peke yao. Total ya Ufaransa na Occidental ya Marekani wana robo kasoro kila mmoja katika kampuni ya Dolphin. Umezingirwa, unawatafuta Washington na Paris wakutetee, utaanza kwa kuwatia hasara?

Na kuna jambo ambalo pale Al Khor tuliliona kabla ya magazeti, kwa wageni waliozidi na kazi zilizozidi: mwezi mmoja tu baada ya kuzingirwa, Julai 2017, Qatar ikatangaza itapandisha LNG kutoka tani milioni 77 kwa mwaka mpaka milioni 100. Mimi kwa akili yangu ya spana nasema jibu lilikuwa lile. Wengine wakasoma masharti 13 ambayo wazingiraji waliipa Qatar, pamoja na kuifunga Al Jazeera; Qatar wao wakasoma bei ya gesi.

Wanjiru Leipzig:

Huyo wa "mwanaume ni Putin" angekuja kukaa nasi hapa Ujerumani 2022. Mimi ni muuguzi kwa nyumba ya wazee. Wazee wetu walipashiwa joto, lakini ofisi za serikali zilishushwa hadi nyuzi 19, na mwenye nyumba wangu akanitumia barua ya kuongeza malipo ya joto karibu mara mbili. Niliivaa koti nikiisoma.

Hii nchi ilikuwa ikinunua zaidi ya nusu ya gesi yake kutoka Urusi. Ghala kubwa kabisa, la Rehden, lilikuwa mikononi mwa Gazprom, shirika la gesi la Urusi, na vita ilipoanza lilikuwa karibu tupu. Juni wakapunguza Nord Stream, bomba la kutoka Urusi kuja hapa, hadi asilimia 40, Julai hadi 20, wakisingizia mtambo mmoja wa bomba uliopelekwa Kanada kutengenezwa. Septemba ikawa sufuri.

Lakini tazameni kilichofuata. Wajerumani, ambao uwanja wa ndege wa Berlin uliwachelewa miaka tisa, walikuwa wamefungua bandari ya LNG Wilhelmshaven kufikia tarehe 17 Desemba mwaka huo huo. Habeck, waziri wa uchumi wa wakati huo, alikuwa ashaenda Doha tangu Machi. Novemba mkataba ukasainiwa: hadi tani milioni 2 kwa mwaka, miaka 15, kuanzia 2026. Nayo Gazprom ikatangaza hasara ya mwaka 2023, ya kwanza kwa zaidi ya miaka ishirini.

Chumvi Kali:

Msisahau kusema Agosti 2022 gesi Ulaya ilipita euro 300 kwa megawati-saa. Viwanda vilisimama. Ile silaha ilipiga, msijifanye haikupiga. Na hao Qatar wenu walikuwa na kambi ya Wamarekani pale Al Udeid, ndiyo maana walikuwa na utulivu.

Fundi Baridi:

Hapo sikupingi, yote mawili. Kambi ilikuwapo, na Ulaya iliumia. Ila silaha hiyo ya Putin, kila akiipiga inawafundisha wateja kumhama. Alishawafungia Ukraine Januari 2006 na 2009, na ile ya 2009 Bulgaria na Slovakia walikaa karibu wiki mbili bila gesi. Walithuania wakaelewa. Mwaka 2014 wakaleta meli ya kupokelea LNG, wakaiita Independence, yaani Uhuru, na meli haijaanza kazi Gazprom akawapunguzia bei. Meli haijafika hata bandarini!

Kijana wa Somanga:

Nimeelewa, wakuu, kesho nalipa kahawa. Kwa hiyo Lindi tusahau habari za koki?

Fundi Baridi:

Lindi ni ya meli, mwanangu. Jirani hana koki yoyote pale ya kufungiwa, shehena itakwenda Asia. Waulize wazee habari za bomba la Dar mpaka Mombasa walilokubaliana Rais Samia na Kenyatta Mei 2021. Likijengwa hilo, mbishane mpaka alfajiri.

Wanjiru Leipzig:

Na dada wa kuku? Mlionana?

Fundi Baridi:

Disemba 2018, Muscat, kwa mama yetu mdogo. Mimi nilipanda ndege ya Doha, yeye alikuja kwa gari kupitia Buraimi. Kuingia tu chumbani kaishusha AC mpaka 18. Nikamwambia panda 24, gesi yetu hiyo unaimaliza. Akaniambia nirudi kwa kuku wangu.