Herufi za urembo kwenye kadi za mkono: nianzie wapi?

Mtengeneza kadi (Ibanda, Bukavu)

Salamu kwenu nyote. Ninatengeneza kadi za harusi, za ubatizo na za Mwaka Mpya kwa bristoli, ile karatasi nene na ngumu, ninayoikata mwenyewe. Wateja husifu maua, lakini maneno ninayaandika kwa biki, na mwandiko wangu hauna sura ya kuuzwa. Kalamu zenye ncha ya brashi ninazoziona kwenye video sijazipata madukani. Je, ninaweza kuanza bila hizo? Na kwa nini neno "Hongera" kila mara huanza vizuri, kisha herufi za mwisho zikasongamana ukingoni?

Mchora vibao (Kadutu)

Dada, biki yako inatosha, ila usiandike: chora. Andika neno kwa herufi za kuunganisha, ukiziachanisha kuliko kawaida, kisha rudi kwenye kila mstari ambao mkono uliuvuta kwenda chini, uuchoree mwenzake pembeni na ujaze wino katikati. Mistari iliyopanda iache nyembamba. Kalamu ya brashi nayo haifanyi zaidi ya hapo, kwani mwandishi huikandamiza anaposhuka na kuilegeza anapopanda. Wanaoanza hunenepesha mstari wa kupanda, hasa katika n na m, na mteja, hata asipojua kasoro iko wapi, huirudisha kadi mezani.

"Hongera" usiianzie kushoto. Ina herufi saba, basi tia g katikati ya kadi kwa penseli, halafu ujaze pande zote mbili. Hesabu hiyo hudanganya penye herufi pana: katika "Mwaka", M na w hula nafasi kubwa, hivyo a ya katikati isogeze kulia kidogo.

Mwalimu mstaafu (Bagira)

Nakubaliana na aliyetangulia, isipokuwa nisingemwanzisha mtu kwa neno zima. Sisi tuliofundishwa kwa kalamu ya kuchovya wino tulijaza kurasa za vijiti na nusu duara kabla ya kuruhusiwa kuandika hata majina yetu, na kwa kweli tulichukia. Wala usifuate mpangilio wa alfabeti wa masomo ya kigeni, binti yangu. Kiswahili hakina q wala x, ilhali "Heri ya Mwaka Mpya" peke yake ina a nne, na zikitofautiana kadi nzima huonekana kuyumba. Anza na a, mpaka ya kumi ifanane na ya kwanza.

Fundi wa kadi (Nguba)

Naongeza kuhusu karatasi tu. Karatasi ya gramu 80 (uzito wa mita moja ya mraba) ni ya mazoezi. Kadi yenyewe itake gramu 200 au zaidi. Mistari ya penseli ichorwe kwa mkono mwepesi na isifutwe mpaka wino ukauke kabisa, jambo ambalo wakati wa mvua huchukua muda mrefu kuliko tunavyodhani. Mimi niliwahi kufuta mapema kwa haraka ya mteja, nikaharibu kadi kumi na mbili za ubatizo usiku mmoja.

Mtengeneza kadi

Asante Mwalimu, asanteni nyote. Nimejaribu jioni hii na g imekaa katikati, ila mkia wake umeingia kwenye maua niliyokuwa nimeshayapaka rangi.

Mchora vibao

Maneno kwanza, dada. Maua yanaweza kuhamishwa.