Mjadala: Kijana aliyefiwa kufanywa mpelelezi wa mauaji, ni sawa?

Wadau, naleta hoja. Riwaya za upelelezi za vijana zimejaa mhusika wa aina moja: binti au mvulana wa miaka 15 hadi 17 aliyeuliwa ndugu, rafiki au mzazi. Polisi wamefunga jalada, au wamemkamata asiyehusika, naye anaingia kazini kumsaka muuaji. Wapo wazazi na walimu wanaotaka vitabu hivi viondolewe kwenye maktaba za shule, kisa damu, maiti na mtoto anayewadanganya wakubwa. Mimi nasema vibaki. Hata hivyo nina ugomvi navyo, na ugomvi wenyewe hauhusu damu.

Ugomvi wangu ni kitabu cha pili cha mfululizo. Katika cha kwanza dada mtu ameuawa, mdogo wake hali wala halali, anashinda amevaa sweta la marehemu. Kurasa za mwisho muuaji anatiwa mbaroni. Kitabu cha pili kinafunguka kwa maiti mpya, na binti yuleyule ni mchangamfu, kapata mpenzi, dada yake anatajwa kwa kupita tu. Msomaji wa miaka 14 aliyezika mtu wake anaambiwa nini hapo? Kwamba majonzi ni fumbo, ukilifumbua yanakwisha. Huo ni uongo, na ni uongo unaomuumiza, kwa sababu yeye bado analia na hajui ana kasoro gani.

Nancy Drew, mpelelezi binti wa riwaya za Kimarekani zilizoanza kuchapishwa mwaka 1930, naye hana mama. Lakini kifo hicho kinampa zaidi uhuru wa kuzunguka na gari lake; maombolezo hayapati nafasi. Waandishi wa siku hizi wameuleta msiba katikati ya hadithi, na nawapongeza kwa hilo. Basi waubebe hadi kitabu cha mwisho.

Na inawezekana. Mwaka 1999 Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti wa majonzi, walieleza kuwa mfiwa huenda na kurudi: mara amezama kwenye uchungu, mara anahangaikia maisha mapya, na yote mawili ni sehemu ya kuomboleza. Mwandishi makini ataona hadithi nzima humo. Asubuhi binti anachambua majina ya watuhumiwa, usiku anashindwa kuifuta namba ya dada yake kwenye simu. Naomba michango.

Mchangiaji wa kwanza:
Mleta mada, umeliruka zito zaidi. Mtoto hana mamlaka wala ujuzi wa kumhoji shahidi. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer, watafiti wa kumbukumbu, waliwaonyesha watu filamu ya magari yakigongana. Walioulizwa kwa neno kali zaidi kuhusu mgongano walikadiria mwendo mkubwa zaidi, na baada ya wiki wengi wao kuliko wenzao walidai kuona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwepo! Sasa fikiria kijana mwenye hasira na uchungu anavyouliza maswali. Anaweza kuharibu kumbukumbu ya shahidi pekee, na kesi ikafa mahakamani. Vitabu vinamwita shujaa. Mimi ni mzazi, sitaki mwanangu aige.

Mchangiaji wa pili:
Nilifiwa na kaka nikiwa sekondari. Hakuuawa, aliugua. Kila nilipouliza ilikuwaje, niliambiwa nyamaza, usimsumbue mama. Nilipokutana na mhusika wa rika langu anayeuliza bila kuchoka nilihisi nina mwenzangu. Wanaosema viondolewe wakumbuke na watoto wa aina yangu.

Mchangiaji wa tatu:
Viwekwe, ila viandikwe umri wa msomaji kwenye jalada. Mtoto wa miaka 11 na wa 16 si sawa.

Mleta mada:
Nashukuru. La umri sina pingamizi nalo. Ndugu mzazi, hoja yako ya mashahidi ni nzito, na mimi naitaka ndani ya riwaya. Binti amhoji jirani kwa pupa, jirani aanze "kukumbuka" asichokiona, mtu asiye na hatia ateseke, na kosa hilo limfuate binti hadi kitabu cha tatu. Kijana akisoma hivyo atajua swali baya linavyoumiza, kuliko akikatazwa tu. Ninachokataa ni kuvifungia. Mchangiaji wa pili hakutaka kumkamata mtu. Alitaka kujua kaka yake alikufaje, na hakuna mkubwa aliyemjibu. Wanafunzi kama yeye wapo kila shule. Kwa hiyo nawauliza mnaotaka rafu ya maktaba isafishwe: siku mwanafunzi anarudi darasani kutoka msibani na kuomba kitabu chenye mtu kama yeye, mtampa kipi?