Lakiri ya fundi mmoja, sahihi ya mwingine: nani alikunja parachuti yangu ya akiba?

Wakuu, nimekaa na hasira hii siku nne. Leo naimwaga hapa, na uzi wenyewe unahusu uzi.

Miezi miwili iliyopita nilipeleka begi langu karakana ikunjwe upya parachuti ya akiba. Muda ulikuwa umeisha, na mimi tarehe sichezei. Baada ya siku tatu likarudi: kadi imejazwa, uzi mwekundu upo kwenye pini inayofunga begi, kidonge cha risasi (ile metali, si ya bunduki), yaani lakiri ya fundi, kipo. Nikalipa, nikashukuru, nikaruka mara kumi na moja.

Jumamosi tuko foleni ya kupanda ndege, dada mmoja ananikagua. Akafunua kifuniko cha nyuma, akanyamaza. "Kaka, hizi herufi kwenye risasi mbona si za huyu aliyesaini kadi?"

Nikavua begi palepale.

Kwa wasioruka: parachuti kuu unaikunja mwenyewe kila ukitua, kwa hiyo unajua ilivyo. Akiba inakunjwa na fundi mwenye cheti, riga, halafu inakaa miezi bila wewe kuiona. Utaratibu wa Marekani, ambao karakana hii inajitapa kuufuata, unataka ikunjwe kila siku 180. Riga akimaliza anapitisha uzi kwenye pini, anabana ncha zake ndani ya kidonge cha risasi kwa koleo lenye herufi zake, anasaini kadi na kuingiza kazi hiyo kwenye daftari lake, analotakiwa kulitunza miaka miwili.

Uzi huo ni dhaifu kwa makusudi. Unakatika kwa nguvu ya kama pauni 4.75, maana ukivuta mpini wa akiba ardhi inakujia, pini lazima itoke. Hauzuii mtu yeyote. Mwenye mkasi wa kucha anaumaliza. Kazi yake ni kutoa ushahidi tu: fulani ndiye aliyefunga, na tangu afunge hakuna aliyefungua. Sasa shahidi wangu anamtaja fulani mwingine.

Nikapiga simu. Sikilizeni jibu: "Koleo la fundi wetu lilikuwa na hitilafu, tukatumia la yule mwenzake wa zamani." Mwenzake wa zamani yuko wapi? "Aliacha kazi mwaka jana." Yaani mtu ameondoka, herufi zake zimebaki kwenye droo, na yeyote mwenye vidole anazigonga! Huyo fundi wa watu yuko zake huko, hajui kwamba jina lake liko mgongoni mwangu futi elfu kumi na tatu.

Nikauliza, basi nani hasa aliyeikunja? Kikapita kimya. "Kijana anayejifunza, ila fundi alisimamia." Mwanafunzi kukunja chini ya jicho la fundi sina ugomvi nako, ndivyo watu wanavyojifunza kazi. Nikaomba ukurasa wa daftari wa siku hiyo. Daftari liko nyumbani kwa fundi. Siku ya pili, bado liko nyumbani. Siku ya tatu simu haipokelewi.

Nikalipeleka begi kwa riga mwingine, nikasimama pembeni yake. Akakata uzi, akavuta pini, kile kiparachuti cha springi kikaruka kikagonga ukingo wa meza. Akakinyoosha kitambaa cha akiba hadi kwenye kibandiko cha mtengenezaji. Pale kuna visanduku vidogo, kimoja kwa kila ikikunjwa, kwa sababu yangu ikifika mara 40 inatakiwa irudi kiwandani ikapimwe. Kisanduku cha mwisho kina alama ya riga wangu wa zamani. Kinachofuata ni cheupe pee.

Kisha akanionyesha kitanzi, kile ambacho pini inapita. Nyuzi zimechanua kama ufagio pale pini inapokaa. Na kwenye kadi ya zamani riga wangu aliandika kwa mkono wake: "badilisha kitanzi safari ijayo." Kadi mpya inasemaje? Hakuna kasoro.

Labda kalamu ilisahaulika. Labda waliikunjua kweli, wakakiona kitanzi kile, wakakirudisha hivyohivyo. Nichague lipi? Kama waliikunjua, walizembea. Kama hawakuikunjua, wamekata uzi wa zamani, wakafunga mpya, wakanitoza. Kitanzi hicho kikikatika nimesimama mlangoni mwa ndege, akiba inafunguka hapohapo, inanivuta nje na inaweza kunibamiza kwenye mkia. Hapo nimo mimi, rubani na kila aliyebaki ndani.

Kuna jamaa tayari ameniambia nakuza mambo, nani atachezea begi la mtu? Mwulizeni yule mama wa Uingereza. Aprili 2015, Netheravon, aliruka kutoka futi 4,000. Kuu ikasokotana, akiba ikakosa baadhi ya viungo vinavyoshika kamba. Akaangukia shamba lililolimwa, akapona. Mahakama mwaka 2018 ikamtia hatiani mumewe kwa kujaribu kumuua. Wachezaji wapo.

Ila hasira nyingine ni yangu mwenyewe. Miruko kumi na moja, kila mara kuna mtu aliyenikagua, na mimi nimekagua wengine. Tunafunua kifuniko, uzi upo? Upo. Twende. Herufi hatusomi, na kadi hatuitoi mfukoni. Bila uzi wowote mtu angeshtuka siku ya kwanza. Huu wa uongo ndio uliotulaza usingizi.

Jana usiku ujumbe umeingia kutoka karakana. Samahani hamna. "Lilete tena tutakukunjia bure."

Risasi na kipande cha uzi nimevitia kwenye bahasha pamoja na picha za kadi zote mbili. Vinakwenda kwa waliompa fundi cheti. Herufi sizitaji hapa, kwa sababu mwenyewe huenda hana kosa. Nataka kumpata nimweleze. Mwenye begi lililokunjwa mwaka huu likarudi na risasi isiyolingana na kadi, anitumie ujumbe faragha. Asilifungue peke yake. Alipeleke kwa riga mwingine, asimame pale, na aombe kuonyeshwa visanduku.